Maonyo ya uchanganuzi tuli katika kiendeshi cha kiini cha Linux: nitajuaje kuwa nimeondoa kasoro na sijaziba tu mdomo wa kikaguzi?

kiendeshi_cha_urithi ameuliza:

Ndugu wanajamvi, habari za kazi.

Nimekabidhiwa kiendeshi cha kidhibiti cha mtandao chenye mistari ipatayo 6,000, ambacho waandishi wake wa kwanza wameshahamia kazi nyingine. Kabla sijakigusa niliona ni busara nikipitishe kwenye sparse na Smatch, vikaguzi vinavyosoma msimbo bila kuuendesha, ili nijue nimerithi nini, na vikaguzi hivyo viwili vikanipa maonyo 63. Nilikaa nayo siku nne, nikayaondoa yote, kisha nikatuma kiraka kimoja cha mabadiliko chenye maelezo kwamba kinarekebisha maonyo ya uchanganuzi tuli. Mtunzaji wa sehemu hiyo ya kiini alikirudisha siku hiyohiyo, akaandika kwamba nimeviziba vikaguzi mdomo bila kujibu vilichouliza, na kwamba ni heri maonyo yote 63 yabaki kuliko kukipokea kiraka hicho.

Naamini analiona jambo ambalo mimi bado silioni, kwa hiyo naweka hapa mifano minne ya nilichofanya ili mnisaidie.

Wa kwanza unahusu muundo ambao kidhibiti huutumia kuandika habari za kila pakiti kwenye kumbukumbu:

```
struct rx_desc {
	u32 addr;
	u32 len;
};

len = le32_to_cpu(desc->len);
```

sparse ililalamika kwamba mstari wa mwisho unaichukua namba ya kawaida kana kwamba ni namba yenye mpangilio maalumu wa baiti. Niliandika `(__force __le32)` mbele ya `desc->len`, onyo likatoweka.

Wa pili uko kwenye funksheni ya `probe`, ambayo kiini huiita ili kukiandaa kifaa:

```
	ret = clk_prepare_enable(priv->clk);
	if (ret)
		return ret;

	priv->ring = dma_alloc_coherent(dev, RING_SIZE,
					&priv->ring_dma, GFP_KERNEL);
	if (!priv->ring)
		goto err_clk;
	...
err_clk:
	clk_disable_unprepare(priv->clk);
	return ret;
```

Smatch ilisema kwamba njia inayopitia `goto` hiyo haina msimbo wa kosa, nami nikaongeza `ret = -1;` kabla yake.

Wa tatu: katika funksheni mbili, moja ya kushughulikia ukatizaji na nyingine ya kusoma faili la sysfs (mfumo wa mafaili ambamo kiini huonyesha hali ya vifaa), kielekezi `priv` kinafuatwa kwanza, yaani kumbukumbu kinakoelekeza inasomwa, kisha mistari michache baadaye kinakaguliwa kama ni kitupu. Niliufuta ukaguzi huo katika zote mbili.

Wa nne: kigeu `irq` kimetangazwa kuwa `unsigned int`, kinapokea jibu la `platform_get_irq()`, halafu panafuata `if (irq < 0)`. Smatch ilisema namba isiyo na alama haiwezi kuwa chini ya sifuri, jambo ambalo ni kweli, nikauondoa mstari huo kwa kuwa haukuwa na kazi.

Mbali na hayo, kila kigeu ambacho kompaila ilitilia shaka kwamba huenda kinatumika kabla ya kupewa thamani nilikipa sifuri pale pale kinapotangazwa. Ni lipi kati ya hayo lilikuwa kosa, na ninyi mnatumia kipimo gani kuamua namna ya kulijibu onyo?

mpitia_viraka amejibu:

Ndugu, umefanya vyema kuleta msimbo wenyewe, maana swali la aina hii halijibiki kwa maneno matupu. Nitaanza na mfano wa kwanza na nitakaa nao kwa muda, kwa sababu ndimo ilimo siri ya mengine yote.

sparse iliandikwa na Linus Torvalds mwaka 2003, na kazi yake ya msingi ni kutofautisha vitu ambavyo lugha ya C yenyewe haivitofautishi. Kwa kompaila, `u32` na `__le32` ni kitu kilekile, baiti nne tu. Kwa sparse ni vitu viwili visivyochanganyika, kama vile isivyokubali kielekezi chenye alama ya `__user`, kilichotoka kwenye programu ya mtumiaji, kichanganywe na kielekezi cha kumbukumbu ya kiini. Onyo ulilolipata halikusema kwamba mstari wa `le32_to_cpu()` una kasoro. Liliuliza hivi: muundo unadai `len` ni namba ya kawaida, na mstari huu unadai ni namba iliyopangwa kwa baiti ndogo kwanza, ni nani kati yao asemaye kweli? Kidhibiti chako huandika baiti ndogo kwanza, la sivyo waandishi wa kwanza wasingeweka ugeuzaji hapo. Kwa hiyo asiyesema kweli ni muundo, na wewe ulikwenda kumnyamazisha shahidi aliyekuwa anasema kweli.

Jibu la onyo hilo ni kubadili tamko, `addr` na `len` zote ziwe `__le32`, na kuiondoa `__force`. Ukishafanya hivyo, endesha `make C=2` kwenye saraka ya kiendeshi; `C=1` hukagua tu mafaili yanayokusanywa upya, `C=2` hukagua yote. Nakutahadharisha mapema kwamba idadi ya maonyo itapanda, na hiyo ni dalili njema, kwa kuwa kila mahali panapoitumia `desc->len` bila kuigeuza patajitokeza hadharani. Kwa uzoefu wangu wa kupitia viendeshi vya namna hii, nadhani utakuta mstari unaofanana na huu:

```
	if (desc->len > RX_MAX)
		goto drop;
```

Kwenye prosesa za x86 mstari huo unaweza kuishi miaka mingi bila mtu kuugundua, kwa sababu mpangilio wa baiti wa prosesa na wa kifaa ni mmoja. Uhamishie kwenye prosesa ya baiti kubwa kwanza: pakiti ya baiti 64, yaani 0x00000040, itasomwa kuwa 0x40000000, ambayo ni 1,073,741,824, na kiendeshi kitaitupa kikiamini kwamba imezidi kipimo. Onyo ulilolifuta ndilo lililokuwa dalili pekee ya kukuelekeza kwenye muundo huo. `__force` ina mahali pake, lakini ni kiapo kwamba wewe mwenyewe umethibitisha jambo ambalo kikaguzi hakiwezi kulithibitisha, na hapa hukuwa umethibitisha chochote.

Kuhusu mfano wa pili, Smatch ilikuonyesha kasoro ya kweli kabisa. `clk_prepare_enable()` ikifaulu, `ret` inabaki sifuri. Kumbukumbu ikikosekana baada ya hapo, saa inazimwa na `probe` inarudisha sifuri, ambayo kwa kiini maana yake ni kwamba kifaa kiko tayari. Mtu wa kwanza atakayejaribu kukitumia atafuata kielekezi kitupu. Wewe uliweka -1, onyo likaondoka, lakini ndani ya kiini -1 si kosa lisilo na jina: ni `-EPERM`, yaani mwitaji hana ruhusa. Msimamizi wa mashine atapoteza siku nzima akikagua ruhusa, kumbe iliyokosekana ni kumbukumbu. Panahitajika `ret = -ENOMEM;` na si kingine.

Mfano wa tatu ndio ulionishtua, kwa sababu onyo la kielekezi kilichofuatwa kabla ya kukaguliwa lina majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yanakinyamazisha kikaguzi. Mwaka 2009 ilipatikana kasoro iliyosajiliwa kwa namba CVE-2009-1897 katika kiendeshi cha tun. Katika `tun_chr_poll()` mstari mmoja ulisoma `tun->sk`, na chini yake kulikuwa na `if (!tun)`. Kompaila ya GCC iliona kwamba kielekezi kimeshafuatwa, ikakata shauri kwamba basi hakiwezi kuwa kitupu, na ikauondoa ukaguzi wote kwenye msimbo wa mashine. Programu iliyoweza kuweka ukurasa wake kwenye anwani sifuri ilipata njia ya kujipatia mamlaka yasiyo yake. Urekebishaji ulikuwa kuushusha usomaji wa `tun->sk` chini ya ukaguzi, na baadaye kiini kikaanza kukusanywa kwa `-fno-delete-null-pointer-checks` ili kompaila isirudie. Sasa jiulize: mtu angelijibu onyo hilo kama ulivyofanya wewe, kwa kuufuta ukaguzi, kikaguzi kingeridhika na tundu lingebaki wazi kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa, tafuta `priv` inatoka wapi. Kwenye funksheni ya ukatizaji inatoka kwa `request_irq()`, na kama wewe mwenyewe ndiye uliyeikabidhi `priv` iliyokwisha kutengenezwa, haiwezi kuwa tupu. Kuufuta ukaguzi ni sawa. Kwenye faili la sysfs sina hakika hata kidogo. Fuatilia.

Wa nne ni mwepisi kuueleza. `platform_get_irq()` hurudisha namba hasi inaposhindwa. Ikirudisha `-EPROBE_DEFER`, yaani -517, kigeu kisicho na alama kitashika 4,294,966,779. Ukaguzi haukuwa mstari usio na kazi. Ulikuwa na kazi lakini umefungwa mikono na aina mbaya ya kigeu. Badilisha aina iwe `int` na uurudishe ukaguzi. Kwa hali uliyoiacha, `request_irq()` itaikataa namba hiyo kwa `-EINVAL`, na kifaa ambacho kilipaswa kusubiri tu mwenzake atangulie kitashindwa moja kwa moja, tena siku nyingine kifanye kazi na siku nyingine kigome, kutegemea nani aliyewahi kuwaka.

sikio_la_kufuli amejibu:

Nakubaliana na mpitia_viraka kwa yote aliyoyasema, ila naomba niseme neno kuhusu maonyo ambayo si ya kweli, kwa sababu mtu akisoma jibu lake peke yake anaweza kudhani kila onyo linaficha kasoro. Si yote yanayoificha, na kiraka kinachorekebisha kisichoharibika nacho ni hasara kwa anayekipitia.

Vikaguzi vingine hulalamika kwamba jibu la `debugfs_create_dir()` halikaguliwi. Mgeni huona hapo kazi rahisi, akaongeza ukaguzi na kuikatiza `probe` kwa kosa. Lakini maelezo ya funksheni hiyo ndani ya kiini yanasema wazi kwamba waitaji wengi wanatarajiwa kuyapuuza makosa yake, kwa kuwa debugfs ni chombo cha uchunguzi na kiendeshi hakipaswi kugoma kwa sababu saraka ya uchunguzi imekosekana. Vivyo hivyo kuweka `if (p)` kabla ya `kfree(p)`: funksheni hiyo hupokea kielekezi kitupu bila madhara, na Coccinelle, chombo cha kutafuta na kubadili ruwaza za msimbo, ina kanuni maalumu inayokuambia *uondoe* ukaguzi wa namna hiyo.

Kwa upande wa kufuli, yaani vizuizi vya kuzuia sehemu mbili za msimbo zisiguse data moja kwa wakati mmoja, sparse inaweza kukuambia kwamba funksheni inaingia na hesabu moja ya kufuli na kutoka na nyingine, au kwamba njia mbili za kutokea hazilingani. Kama funksheni imekusudiwa kushika kufuli na kumwachia mwitaji ailegeze, jibu ni kuandika `__acquires()` kwenye tamko lake. Alama hiyo ni ahadi kwa kila atakayeiita funksheni hiyo siku za usoni, na ahadi ya uongo ni mbaya kuliko onyo. Nimewahi kupitia kiraka ambacho kiliweka `__releases()` kwenye funksheni iliyolegeza kufuli katika njia tatu kati ya nne. Mwandishi wake hakuwa mvivu. Alikuwa na maonyo mengi na muda mchache, na njia ile ya nne ilikuwa ya kosa ambalo halitokei kila siku. Nilipomwomba anionyeshe kwa kidole mahali kufuli inapolegezwa kwenye njia hiyo, hakupaona, kwa sababu hapakuwapo.

Sasa lile la kuvipa vigeu sifuri. Hapa nina msimamo mkali kidogo. Kompaila ikitilia shaka `ret`, nawe ukaandika `int ret = 0;`, umempa likizo mlinzi wa mlango. Mwakani mtu ataongeza tawi jipya, atasahau kuweka msimbo wa kosa, na funksheni itarudisha sifuri, ambayo ni mafanikio, bila kompaila kusema neno. Ni kweli kwamba onyo hilo lina makelele: kuanzia toleo la 5.7 la mwaka 2020, `-Wmaybe-uninitialized` haiwashwi tena kwa kawaida katika kiini, hadi uombe `W=2`. Lakini mwaka huohuo, katika toleo la 5.9, iliondolewa pia makro ya `uninitialized_var()`, ambayo watu waliitumia kuinyamazisha kompaila, kwa sababu ilikuwa inafunika na kasoro za kweli. Mambo hayo mawili hayapingani. Mradi ulikubali kutosikiliza onyo lenye makelele kuliko kuendelea kuupaka msimbo rangi ili onyo lisionekane.

Nitatoa mfano mmoja ulio nje ya kiini kwa sababu sijaona unaoeleza hatari hii vizuri zaidi. Mwaka 2006 kifurushi cha OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) cha Debian kilibadilishwa ili kuondoa malalamiko ya Valgrind kuhusu kumbukumbu isiyopewa thamani. Mistari miwili iliyofanana iliondolewa katika sehemu mbili. Mmoja kuondolewa kwake hakukuwa na madhara ya maana. Mwingine ndio uliokuwa unaingiza unasibu wote kwenye kitengenezaji cha namba. Kasoro ilitangazwa Mei 2008, na kwa muda wote huo kilichotofautisha funguo za ukubwa na aina moja zilizotengenezwa kwenye mashine za namna moja kilikuwa namba ya mchakato, ambayo kikomo chake cha kawaida ni 32,768. Valgrind hukagua programu ikiwa inakimbia na si uchanganuzi tuli, lakini kishawishi ni kilekile: mistari miwili, malalamiko mamoja, mkono mmoja ukaifuta yote.

njia_ya_makosa amejibu:

Wenzangu wameeleza namna ya kuamua. Mimi niongeze namna ya kuthibitisha, kwa kuwa kiraka cha aina hii mara nyingi hutumwa na mtu ambaye hata kifaa chenyewe hana.

Vigawanye viraka vyako kwanza katika mafungu mawili: vile visivyopaswa kubadilisha msimbo wa mashine, na vile vinavyoubadilisha. Kubadili `u32` kuwa `__le32` ni la fungu la kwanza, kwa sababu alama hizo ni za sparse peke yake. Kwenye x86 hata kuongeza `le32_to_cpu()` iliyosahaulika hakubadilishi kitu. Basi kusanya faili kabla na baada ya kiraka na ulinganishe matokeo. Ndani ya mti wa kiini kuna skripti ya `scripts/objdiff` kwa kazi hiyohiyo. Ukiona tofauti mahali ulipotarajia pasiwe na tofauti, simama hapo hapo. Nakumbuka kiraka changu kimoja cha kuweka alama za `__iomem` (za vielekezi vya kumbukumbu ya kifaa) ambacho kilitoa tofauti ya maelekezo mawili tu ya mashine, nikafuatilia nikakuta vidole vyangu vimefuta nyota moja ya kielekezi. Macho yangu na ya mwenzangu yalikuwa yamepita pale mara mbili bila kuiona.

Kwa fungu la pili, usitegemee kwamba njia ya kosa itajitokeza yenyewe. Mfano wako wa `dma_alloc_coherent()` unahitaji kumbukumbu ikosekane kwa makusudi. Kusanya kiini chenye `CONFIG_FAULT_INJECTION` pamoja na `CONFIG_FAIL_PAGE_ALLOC` na `CONFIG_FAILSLAB`, kisha ukumbuke kuandika `N` kwenye `ignore-gfp-wait`, kwa kuwa bila hivyo maombi yenye `GFP_KERNEL` huachwa yapite. Halafu ufungue na kukifunga kifaa kwa kuandika jina lake kwenye `unbind` na `bind` za kiendeshi, ukiwa umeagiza ombi la kwanza lishindwe, kisha la pili, kisha la tatu, hadi `probe` ipite yote. Njia hiyo inachosha, lakini ndiyo pekee ninayoijua ya kuitembelea kila `goto`.

Smatch nayo ina jambo ambalo wengi hawalifanyi. Ukiiendesha mara moja inaona kila funksheni karibu peke yake. Ukijenga hifadhidata yake kwa `build_kernel_data.sh`, kazi inayochukua saa kadhaa, inaanza kujua ni thamani gani zinazopitishwa kutoka funksheni moja hadi nyingine, na baadhi ya maonyo yasiyo ya kweli huondoka yenyewe huku mengine ya kweli yakizaliwa. Ningefanya hivyo kabla ya kuandika kiraka chochote.

Neno la mwisho ni kuhusu maelezo ya kiraka. Kuandika kwamba kinarekebisha maonyo ni kumweleza msomaji habari za kikaguzi, wakati yeye anataka habari za kiendeshi. Andika nini kinamtokea mtumiaji: kumbukumbu ikikosekana, `probe` inarudisha mafanikio na kifaa kinaanguka kinapofunguliwa. Kikaguzi kitaje mwishoni, kwa sentensi moja, ili ajulikane aliyekionyesha kisa. Kama huwezi kuandika sentensi ya kwanza, yaani hujui kinachomtokea mtumiaji, bado hujamaliza kulichunguza onyo.

kiendeshi_cha_urithi amerudi:

Ndugu zangu, nimechukua siku sita na ninarudi na taarifa.

Nilipobadili muundo kuwa `__le32`, maonyo ya sparse yalipanda kutoka 2 hadi 7 katika faili hilo moja. Manne kati ya matano mapya yalikuwa ya machapisho ya kufuatilia kasoro, ambayo yangeonyesha tarakimu za ajabu na basi. La tano ndilo lililotabiriwa, neno kwa neno isipokuwa jina la kigezo: ulinganisho wa urefu wa pakiti bila kugeuza baiti. Nimekusanya faili kwa x86 kabla na baada, na msimbo wa mashine haukubadilika hata baiti moja. Kwa prosesa ya baiti kubwa kwanza umebadilika mahali palepale nilipotarajia.

Faili la sysfs limenifunza zaidi. Nilifuatilia `priv` nikakuta inasomwa kwa `dev_get_drvdata()`, na kwamba `probe` huliunda faili hilo mistari kumi na mmoja *kabla* ya kuita `platform_set_drvdata()`. Kwa hiyo kuna muda mfupi ambapo mtu anaweza kulisoma faili na `priv` ikawa tupu kweli. Aliyeweka ukaguzi ule alikuwa ameliona tatizo hilo, ila aliuweka chini ya mstari unaokifuata kielekezi, na mimi nikaja nikaufuta kabisa. Nimeupanga upya mtiririko wa `probe` ili faili liundwe mwishoni, jambo linaloondoa haja ya ukaguzi wenyewe, na nimeyaeleza yote hayo katika kiraka chake.

Vigeu nilivyovipa sifuri nimevirudisha vyote vilivyokuwa. Katika kimoja, baada ya kuipitia funksheni kwa makini, nilikuta kweli kuna tawi la `switch` lisilokipa thamani, na nimeongeza tawi la `default` linalorudisha `-EINVAL`.

Sasa nina viraka tisa badala ya kimoja. Yamebaki maonyo 14 ambayo nimeridhika kuwa si ya kweli, na nimeyaacha kama yalivyo. Swali moja tu limebaki: alama ya `Fixes:`, inayotaja badiliko lililoleta kasoro, niiweke kwenye viraka vyote tisa, au kwenye baadhi?

mpitia_viraka amejibu:

Kwenye baadhi. Iweke pale ambapo mtumiaji anaweza kudhurika: ulinganisho wa urefu wa pakiti, `-ENOMEM`, aina ya `irq`, mpangilio wa faili la sysfs, na lile tawi la `switch`. Tumia herufi 12 za mwanzo za kitambulisho cha badiliko lililoleta kasoro, na usidhani ni badiliko la kwanza la kiendeshi. Kitafute kwa `git blame`, kwa sababu ulinganisho ule huenda uliongezwa baadaye na mtu mwingine. Watunzaji wa matoleo ya muda mrefu huifuata alama hiyo wanapochagua viraka vya kurudisha nyuma, kwa hiyo kiraka cha kubadili matamko tu, kisichobadili hata baiti moja ya msimbo, kikiwa na `Fixes:` kitawafanyisha kazi bure. Ila kama kiraka cha ulinganisho kinategemea kile cha matamko, wawekee vyote viwili kwa mfuatano na useme hivyo katika maelezo, ili wasije wakachukua kimoja wakakiacha kingine.

Na yale maonyo 14, yaorodheshe kwenye barua ya utangulizi ya mfululizo, kila moja na sababu ya kuliacha. Atakayekirithi kiendeshi baada yako ataendesha sparse na Smatch siku yake ya kwanza, kama ulivyofanya wewe.